Bastola ya Kubeba na Bastola ya Kupigia

Muuzaji alitandika mpira mweusi juu ya kioo cha kaunta, akafungua silinda ya rivolva ya kwanza, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, akanionyesha vyumba vyote sita vya risasi vitupu, akailaza. Ya pili akaifanya vivyo hivyo. Kushoto ilikuwa Smith & Wesson Model 19 ya zamani, mtutu wa inchi nne, buluu nzito inayokaribia weusi, mpini wa mti uliolainishwa na viganja vya watu nisiowajua. Kulia ilikuwa Ruger GP100, chuma kisichoshika kutu, mpini wa mpira, nene kila mahali ambapo mwenzake ni mwembamba.

Mkono wangu ulikwenda kushoto wenyewe.

"Nzuri sana hiyo," mzee alisema. "Ila niambie kwanza. Utapiga risasi gani, na mara ngapi?"

Nikamwambia: magnum, zile risasi kali, mara kwa mara, kwenye shabaha za karatasi tu. Hapo akanyamaza. Kisha akaisogeza ile ya kulia karibu yangu kidogo, akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Nilitoka mle dukani mikono mitupu, na swali lake likanikaa kichwani wiki baada ya wiki. Nilikuwa nimesoma kuhusu uimara wa rivolva hadi macho yakaniuma, lakini sikuwa nimejiuliza bastola hii nitaishi nayo vipi.

Kwa nini rivolva

Kulenga shabaha nilifundishwa JKT, kwa bunduki ndefu ya serikali na risasi za kuhesabiwa. Hapa Ohio uwanja wa shabaha upo mwendo mfupi kutoka ninapofanya kazi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda pale kama wengine wanavyokwenda kucheza mpira. Nilianza na bastola za magazini. Zinapiga vizuri, lakini risasi kumi na tano zinakwisha hata mtu hajapata nafasi ya kuwaza.

Rivolva inakulazimisha kwenda taratibu. Ina sita, basi. Ukivuta kifyatulio bila kukokoa nyundo kwanza, safari ni ndefu na nzito, na kila kosa la kidole linaonekana kwenye karatasi. Sijapata mwalimu mkali kuliko huyo.

Kwa nini magnum? Kwa sababu .357 Magnum inakupa bastola mbili ndani ya moja. Risasi hii ilitolewa na Smith & Wesson wakishirikiana na Winchester mwaka 1935, ikizaliwa kutoka .38 Special ya 1898. Kipenyo ni kilekile. Ganda tu ndilo lililorefushwa, kutoka karibu milimita 29 hadi 33, ili risasi kali isije ikaingia kwenye bastola ya zamani na kuipasua. Kwa hiyo rivolva ya magnum inakula .38 bila shida, lakini ya .38 haiwezi kuila magnum. Na kuna sababu: kikomo cha shinikizo la .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Cha .357 ni 35,000.

Mara mbili na zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha habari yote ya uimara.

Ombi la askari wa mpakani

Magnum za kwanza zilijengwa juu ya fremu, yaani mwili wa bastola, kubwa ya Smith & Wesson iitwayo N. Zilikuwa imara, zilikuwa nzito, na askari aliyezibeba kiunoni kutwa nzima alizisikia hadi mgongoni. Bill Jordan, askari wa doria ya mpaka ya Marekani na mlenga shabaha aliyevuma sana, aliwaomba watengenezaji wampatie magnum kwenye fremu ya kati, K, ambayo ukoo wake ulianza 1899 kwa ajili ya .38 Special. Wakaboresha chuma na namna ya kukichoma na kukipoza ili kiwe kigumu, na mwaka 1955 ikatoka Combat Magnum, ambayo baadaye ilipewa namba 19.

Ndiyo ile iliyolala kushoto kwangu.

Naielewa kabisa hamu ya Jordan. Askari wa wakati ule alibeba magnum na kufanya mazoezi kwa .38. Bastola ilitembea naye mchana kutwa, na risasi zake kali zilipigwa kwa nadra. Kwa kazi hiyo sijui kama kuna rivolva iliyowahi kuishinda.

Kisha idara nyingi za polisi zikaanza kufikiri tofauti: askari afanye mazoezi kwa risasi anayoibeba. Ni wazo la busara, nami ningelitaka kama ningekuwa askari. Lakini hapo fremu ya K ikaanza kulishwa chakula ambacho haikuandaliwa kukila kila siku. Kilichoiumiza zaidi ni magnum yenye kichwa chepesi cha greni 125, yaani gramu 8 na kitu, inayoruka zaidi ya mita 400 kwa sekunde.

Jeraha lilitokea mahali pamoja. Mtutu wa rivolva umechomoza kidogo ndani ya fremu, ukitazamana na silinda. Mdomo huo wa nyuma, pale kichwa cha risasi kinaporuka kutoka kwenye chumba na kuingia kwenye mtutu, nitauita koo. Kwenye K za zamani, upande wa chini wa koo ulikatwa bapa ili mkono wa silinda, ule unaoishikilia inapofunguliwa pembeni, upate nafasi ya kufunga. Chuma kikawa chembamba palepale moto ulipo mkali kuliko kote. Greni 125 ina baruti nyingi nyuma yake na kichwa kifupi kisichoziba pengo vizuri kinaporuka, kwa hiyo gesi ya moto inatangulia na kulamba chuma. Ikilamba vya kutosha, koo linapasuka.

Sio kila Model 19 imepasuka. Zipo zilizopigwa maisha ya mtu mzima na bado ziko salama, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kama ingekuwa bastola mbovu, ningeamua siku ileile.

Hoja ya rafiki yangu

Nina rafiki Mkenya, dereva wa malori ya masafa, ambaye ana Model 66, ndugu wa 19 wa chuma kisichoshika kutu. Nilimpigia simu.

"Kaka, unajisumbua bure," akasema. "Nunua ile roho inataka. Piga .38 wiki zote, magnum uweke kidogo kidogo. Itakuzika hiyo."

Ni hoja nzito, na siwezi kuipinga kwa takwimu. Kwa .38 Special fremu ya K iko nyumbani kwake, na wengi wanaoishi hivyo hawajawahi kupata tatizo. Zaidi ya hapo, .38 ni tulivu mkononi, na kwenye karatasi ndiyo inayokusanya matundu karibu-karibu. Kuna kichwa bapa kabisa cha risasi ambacho kinatoboa karatasi tundu safi utadhani limepigwa kwa mashine ya ofisini. Mtu akiniambia anataka uzuri wa rivolva na shabaha njema, nitamwambia neno hilohilo la rafiki yangu.

Lakini mimi naipenda magnum.

Naipenda kwa kishindo chake, kwa teke lake, na kwa jinsi inavyofichua mshiko mbaya mara moja. Nikijua kwamba kila risasi kali inapunguza kitu, nitaanza kuzihesabu. Nitasimama uwanjani nikiwa na kisanduku cha magnum mkononi na kujiuliza kama leo ni siku yake. Sitaki kumiliki chombo ambacho raha yake nitaitolea kwa kijiko.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwangu. Model 19 ilijibu swali la Bill Jordan: nibebe nini? Mimi sibebi bastola. Yangu inatoka kwenye kasiki, inaingia kwenye begi, inapigwa, inasafishwa, inarudi kwenye kasiki. Uzito uliomchosha askari unanisaidia mimi, kwa sababu unalimeza teke. Nilikuwa natamani jibu la swali la mtu mwingine.

Unene uko wapi

Mtu akisema rivolva hii ni nene, muulize wapi.

Smith & Wesson wenyewe walijibu tatizo la K mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fremu mpya, L. Mpini ukabaki saizi ya K, lakini juu palikuzwa: silinda pana, koo la mtutu zima pande zote, chuma kirefu chini ya mtutu hadi mdomoni. Hizo ndizo 586 ya buluu na 686 isiyoshika kutu. Ruger walikuwa na Security-Six, iliyosifiwa kwa ugumu tangu miaka ya 1970, na hata hivyo mwaka 1985 wakaleta GP100 iliyo nzito zaidi kuirithi.

Nilidhani tofauti ya uzito ingekuwa kubwa. Model 19 ya inchi nne ni kama kilo moja. 686 na GP100 za urefu unaokaribiana ziko kwenye kilo moja na gramu mia na kitu. Gramu mia tu, lakini zimewekwa mahali panapofanya kazi: kwenye koo, kwenye silinda, mbele ya mtutu.

Kati ya hizi mbili nilisita kwa muda mrefu. Kifyatulio cha 686 ni kitamu kikiwa kipya. Cha GP100 kinaanza kikiwa kizito na chenye mikwaruzo, kisha kinalainika kadiri unavyopiga. Kwa hilo 686 inashinda, na wapiga mashindano wengi wameiona.

GP100 ikanivuta kwa mambo mawili. La kwanza ni jinsi silinda inavyofungwa. Kwenye Smith & Wesson ya L, silinda inashikwa nyuma, na mbele inashikwa kupitia ncha ya ule mti wa kusukumia maganda. Ruger wameweka kitasa mbele kwenye mkono wenyewe wa silinda, unaofunga moja kwa moja ndani ya fremu. Mti wa maganda unabaki na kazi ya maganda. La pili ni kwamba fremu yake haina kifuniko cha pembeni. Kuta zote mbili ni chuma kizima, na mtambo unatoka kwa chini, pamoja na kile kiduara kinachokinga kifyatulio. Kwa bisibisi na kipini kidogo unaweza kuifungua mezani, ukasafisha, ukairudisha bila kumtafuta fundi.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo redio ilifunguliwa mezani na baba, ikafungwa, ikaimba tena. Chombo ninachoweza kukifungua nakiamini kuliko kile kinachonitaka nikiamini kikiwa kimefungwa.

Na Python je?

Nitaulizwa, kwa hiyo niseme. Colt Python, magnum nyingine yenye jina kubwa, ilitoka 1955, ikasimama 2005, ikarudi 2020 ikiwa imebadilishwa ndani. Ile ya zamani ni moja ya vitu vizuri vilivyowahi kutoka kiwandani. Wakati wa kufyatua, kidole cha ndani kinachozungusha silinda kinaendelea kuibana, ndiyo maana haichezi hata kidogo, na ndiyo maana sehemu hiyo inachakaa na kuhitaji mkono wa fundi anayeijua. Mafundi hao wanazidi kuwa wachache, bei ya bastola inazidi kupanda. Ukibahatika kuwa nayo, ipige kwa adabu. Mpya ni habari nyingine, nami sijaishika vya kutosha kuisemea.

Ukinunua iliyotumika

Rivolva haidanganyi kama umejua pa kuangalia, na hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu akae nami kidogo. Omba ruhusa kwanza. Hakikisha vyumba ni vitupu, wewe mwenyewe, kwa macho, hata kama muuzaji amekwisha kukuonyesha.

Anza na kile ambacho fundi wa magari angeita taimingi. Weka kidole kwenye silinda kuikandamiza kidogo sana, kisha kokoa nyundo polepole mno. Silinda inapaswa kufunga kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Rudia kwa vyumba vyote sita, kwa sababu chumba kimoja kinaweza kuchelewa peke yake. Kikichelewa, kichwa cha risasi kitaingia kooni kikiwa upande, kitanyolewa pembeni, na vipande vitamrukia jirani yako.

Kisha shika silinda iliyofungwa uivute mbele na uisukume nyuma. Mchezo mdogo mno unavumilika. Ikigonga kwa sauti, imechoka. Baada ya hapo inua bastola kwenye mwanga uangalie pengo kati ya silinda na mtutu. Filageji zilezile za gereji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mapengo, zinatosha: inchi 0.004 hadi 0.008, yaani milimita 0.1 hadi 0.2, ni pengo la kawaida. Likizidi sana, gesi na moto vinatoka pembeni kwa wingi. Na hata pengo likiwa sawasawa, kidole chako kisiwe karibu na mahali hapo unapopiga; gesi ya magnum inakata nyama.

Fungua silinda, tupa mwanga kwenye koo. Tafuta ufa, hasa chini. Mwambie muuzaji aondoe masizi kama yapo, kwa sababu ufa mwembamba hujificha chini ya masizi. Juu ya koo, kwenye paa la fremu, utaona pengine mstari uliolambwa na moto. Mstari huo huonekana wa kutisha, lakini kwa kawaida hufika kina fulani ukasimama. Mimi ufa ndio unaonirudisha nyumbani.

Mwisho, funga silinda polepole utazame kama inaingia sawa. Wapo wanaoifunga kwa kuirusha kwa mkono mmoja kama kwenye sinema. Mkono wa silinda unapinda kwa tabia hiyo, na ukishapinda taimingi, pengo, shabaha, vyote vinaharibika pamoja. Nikimwona mtu anafanya hivyo dukani, bastola ile siinunui tena, hata ingekuwa ya bure.

Ninavyoilisha

Nilinunua GP100. Mpya, inchi 4.2, chuma kisichoshika kutu.

Naianza kila safari kwa .38, ili kidole kiamke, kisha namalizia kwa magnum yenye kichwa cha greni 158. Greni 125 kali nimeziacha, ingawa bastola hii inazimudu. Kwenye karatasi hazinipi chochote ambacho 158 hazinipi, ila mwali mkubwa na koo linaloungua. Kupiga .38 kwenye chumba cha magnum kunaacha pete ya masizi pale ganda fupi linapoishia, na usipoisugua kwa brashi, maganda marefu yataanza kung'ang'ania. Naisugua siku ileile.

Masikioni naweka vizibo, na juu yake viziba-masikio vya kufunika. Mlio wa .357 unapita desibeli 160, na ndani ya ukumbi unarudi kutoka ukutani. Risasi ikitoa sauti dhaifu ya ajabu, nasimama hapohapo, nasubiri mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha, kisha natoa risasi zote na kuangalia kama mtutu uko wazi. Kichwa kilichokwama ndani kikifuatwa na kingine, hakuna unene wa chuma utakaookoa mtutu huo. Nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mwanangu, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo kwenye vumbi lile.

Kifyatulio kimeanza kulainika. Bado si cha 686, na sitasema ni sawa.

Gharama iliyonishtua haikuwa ya bastola. Ukipiga mara kwa mara, pesa ya risasi inaipita bei ya bastola mapema kuliko unavyotegemea, na magnum ndiyo inayokula zaidi. Ndiyo maana wapigaji wengi wa rivolva hujaza maganda upya wenyewe: hayaruki sakafuni kama ya bastola za magazini, yanabaki kwenye silinda hadi uyatoe kwa mkono. Nayaweka yangu kwenye kopo, ya .38 mbali na ya magnum, na ninatafuta mtu wa hapa karibu anayeijua kazi hiyo vizuri anifundishe kabla sijanunua mashine. Kama yupo msomaji anayejaza .357 mwenyewe, na ana maoni juu ya baruti zinazofaa kwa greni 158 zenye teke la wastani, aniandikie.